Deni la Mama wa Makueni

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi, mzaliwa wa Kiteto, mkoani Manyara. Ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayenunua nafaka vijijini na kuipeleka ng'ambo ya mpaka, hasa yule anayeona, kama nilivyoona mimi kwa miaka mingi, kwamba kazi yake inakwisha fedha zikishahesabiwa. Nitaeleza yaliyonipata kwa mfuatano wake, na nitajitahidi nisijipendelee.

Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika mwezi wa tano. Tunavuna kuanzia Juni hadi Agosti, na wakati huo malori ya kwenda Kenya huwa yameshafika. Soko letu kubwa ni Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, lakini wafanyabiashara kama mimi tulizoea kupita Matui, Engusero na vijiji vingine tukinunua uani kwa mkulima kabla mzigo haujafika sokoni. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, safari ya kwenda Arusha na Namanga ikawa nyepesi, nami nikaacha kumuuzia dalali. Nikawa napeleka mzigo wangu mwenyewe mpaka mpakani, kwa wanunuzi niliowajua kwa sauti tu, kwenye simu.

Nieleze jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi. Mwanzoni mwa msimu mkulima ana shida ya fedha. Ana ada ya shule, ana deni la pembejeo. Nilimfuata wakati huo, mahindi yake yakiwa bado na unyevu, nikanunua kwa debe. Kenya nilikuwa nauza kwa kilo, kwenye mzani. Kwa hiyo unyevu ule ulikuwa faida yangu, na nilijua kabisa kwamba ni faida yangu. Mahindi yalipigwa kwenye udongo mtupu, yakatiwa kwenye magunia ya nailoni, yakakaa ghalani yakisubiri bei ipande. Yaliyoota ukungu sikuyatupa. Niliwaagiza vijana wayatie katikati ya gunia, mazuri yakae mdomoni, kwenye kitako na pembeni, kwa sababu nilijua mnunuzi huchoma wapi bambo lake la kuchukulia sampuli. Nilikuwa nawaambia vijana wale, na kujiambia mwenyewe: hawa wana njaa, watakula. Sikuwahi kujiuliza mzigo ule unaliwa na nani. Kwangu Kenya ilikuwa bei.

Na siwezi kusema kwamba sikuonywa. Mwaka 2016 watu walianza kuugua katika wilaya za Chemba na Kondoa, na kwetu Kiteto pia. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na watu wapatao 20 wakafariki, watoto wakiwemo. Mwanzoni ugonjwa haukujulikana. Baadaye serikali ikatangaza kuwa ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa vibaya. Mitaani wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni dawa za kupulizia mimea. Mimi nilikuwa na mzigo ghalani, na nilichoomba ni kwamba habari zile zisifike Nairobi kabla sijauza. Niliomba hivyo kwa maneno, kwa Mungu.

Bwana shamba wetu aliitisha mkutano. Alieleza kwamba sumukuvu haina rangi wala harufu, kwamba kuchemsha ugali hakuiondoi, kwamba inashambulia ini, na kwamba hata asiyekufa kwa haraka anaweza kupata saratani ya ini baada ya miaka. Alisema vizuri, kwa lugha tuliyoielewa wote. Mimi nilikaa nyuma, nikaondoka kabla hajamaliza.

Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikieleza kuwa vipimo vilikuta sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Mimi nilikuwa na lori njiani. Ulikuwa mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kupeleka, nusu kwa fedha za mkopo na nusu kwa advansi niliyotumiwa na mnunuzi wa kaunti ya Makueni. Vuli ya mwaka 2020 ilikuwa hafifu huko kwao Ukambani, maghala yao yalikuwa matupu, na bei ilikuwa nzuri sana. Nilikuwa nimeshaigawa faida kichwani.

Namanga tulikuta malori yamepanga foleni. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na karibu yote yalikuwa ya siasa: Wakenya wanalinda wakulima wao wa Trans Nzoia, Wakenya wanatuonea wivu, wanatulipizia kisasi cha mambo ya nyuma. Mimi nilipaza sauti kuliko wengi. Tarehe 10 mwezi huohuo zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane mahindi yamelimwa wapi. Nilifurahi, nikadhani nimepona. Sampuli ikachukuliwa kutoka kwenye lori langu, na safari hii bambo lilichomwa katikati ya gunia pia. Majibu yaliporudi, mzigo ulikuwa umepita kiwango hicho mara nyingi.

Siku iliyofuata mnunuzi wangu alikuja Namanga mwenyewe, kwa matatu. Alikuwa mama wa rika la mama yangu mdogo, mwenye duka la nafaka karibu na mji wa Wote. Tulikuwa tumefanya biashara muda mrefu na hatukuwahi kuonana. Nilimwamkia shikamoo. Kwao si desturi sana, lakini aliitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Tukaingia kwenye mgahawa. Nikaanza kuisema serikali yake, vipimo vyao na wivu wao. Akaniacha nikamaliza.

Kisha akaniambia kwamba mwaka 2004 alizika mke wa kaka yake na watoto wawili wa nyumba hiyohiyo. "Hayakuwa mahindi yenu," alisema. "Yalikuwa yetu, ya shamba letu. Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna, watu wakaogopa wezi, wakayaingiza ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Tukala. Sisi hatukujua, mwanangu. Wewe ulijua?"

Baadaye nilisoma habari za mwaka ule. Kufikia Julai 2004 walikuwa wameugua watu 317 na kufa 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Imeandikwa kuwa miongoni mwa misiba mikubwa ya sumukuvu duniani. Lakini siku ile sikuwa na takwimu yoyote, nilikuwa na swali lake tu, na sikulijibu. Nilijua tangu mwaka 2016. Nilikaa kwenye mkutano na kusikia kwa masikio yangu. Nilitazama chai yangu mpaka ikapoa.

Ningependa kusema kwamba niligeuka palepale. Haikuwa hivyo. Jioni alinifuata dalali mmoja akasema lori lirudi Arusha, yuko mwenye mashine atakayepokea mzigo bila kupima. Yakishakobolewa, alisema, unga utakuwa mweupe tu. Nikakubali. Nilikuwa na mkopo, nilikuwa na watoto shuleni, na niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa dhambi. Sikulala usiku ule, lakini asubuhi bado nilikuwa na nia ileile. Nilikwenda kumwambia mama kwamba advansi yake ataipata, kwamba mzigo umepata mteja Arusha.

Akaniambia, "Pesa hiyo usiniletee."

Nikamwuliza nitamlipaje basi. Akasema, "Utanilipa kwa mahindi makavu, mkivuna. Usiponiletea, nitakuwa nimepoteza pesa. Nimeshapoteza vitu vinavyozidi pesa." Hakuniandikisha karatasi yoyote wala hakumwita shahidi. Kwetu mtu akikuachia bidhaa ulipe baadaye tunasema amekupa mali kauli, na hupewa mtu ambaye amejulikana kwa uaminifu. Mimi yule mama alikuwa na kila sababu ya kunifikisha polisi. Alinilipia na chai, akapanda gari akarudi kwao.

Nilimrudia dalali nikavunja mapatano. Mzigo ukateketezwa kwa usimamizi wa maofisa. Nikarudi Kiteto na lori tupu, nikauza ng'ombe wa kulimia na sehemu ya shamba, nikaanza kulipa mkopo. Mke wangu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mahindi tuliyoacha ndani kwa ajili ya watoto yametoka kwenye lundo lilelile. Yalikuwa yametoka humo. Tukayatoa usiku uleule.

Mwezi wa tano Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, na vikwazo vya biashara, mahindi yakiwemo, vilikuwa miongoni mwa mambo waliyozungumza na mwenyeji wake, Rais Uhuru Kenyatta. Kijijini wengi walishangilia kwamba sasa njia imefunguka. Mimi pia nilishukuru. Ila nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba viongozi wanaweza kufungua lango, lakini kilichomo ndani ya gunia hawakioni.

Nikaenda kwa bwana shamba yuleyule ambaye nilitoroka mkutano wake. Hakunikumbusha. Alianza upya, kama mtu anayemfundisha mgeni. Mahindi yasiguse udongo tangu kuvunwa mpaka kuhifadhiwa, yaanikwe juu ya turubai. Yasipigwe kwa fimbo kiasi cha kupasuka, kwa sababu ukungu huingia kwenye punje iliyojeruhiwa. Unyevu usizidi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha nchi za Afrika Mashariki. Asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, atikise, aache kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Punje mbovu zichambuliwe, na zisipewe ng'ombe, maana sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa. Kisha yahifadhiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Hakuna hata moja hapo ambalo lilikuwa nje ya uwezo wangu katika miaka yote iliyopita. Turubai nilikuwa nalo, nilikuwa nikifunikia lori.

Kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni nilikihesabu nikashtuka. Ni sawa na punje 10 ndani ya punje bilioni moja, na punje bilioni moja ni shehena ya malori yapata kumi ya tani 30. Nikakumbuka madebe ya mahindi yenye ukungu niliyokuwa nikifukia katikati ya magunia.

Kazi ngumu ilikuwa wakulima. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema nataka mahindi makavu, na mzee mmoja akanijibu mbele ya watu: "Unataka nianike wiki mbili, halafu unalipa bei ileile ya debe? Debe likikauka linapungua." Alikuwa na haki. Watu wamelaumiwa sana kwamba hawajali ubora, wakati sisi wanunuzi ndio tuliowafundisha kwamba ubora haulipwi. Nikaacha debe. Nikanunua mzani, nikaanza kulipa kwa kilo, na kuongeza kwa yaliyokauka. Wenzangu walisema nitafilisika, na msimu ule nilikaribia. Waliokubali kwanza walikuwa wanawake, hasa wale ambao mwaka 2016 waliuguza mtu. Tulichangia kipima unyevu kimoja, kikawa kinazunguka.

Tulipata mzigo mdogo. Nikaufuatilia kwa hatua zote ambazo zamani nilimwachia wakala: kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili wa bidhaa, majibu ya maabara. Safari hii ulipita. Katika kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, na makaratasi yakiwa sawa mtu hachelewi sana. Nilijifunza hapo jambo ambalo akina mama wengi wa mpakani hawalijui, au wanalijua na hawaliamini: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani hapohapo. Kwa kutojua hilo wanapita njia za panya usiku na vigunia vyao, wananyang'anywa, wanadhalilishwa. Nami niliwahi kuwatumia hivyo. Nimewafuata baadhi yao nikawaambia habari za cheti hicho.

Mzigo ule wa kwanza ulikwenda wote kwenye deni la mama, na haukutosha. Wa pili ukamaliza. Alipopokea wa pili aliniita Makueni, akasema haiwezekani mtu amlishe mwaka mzima bila kuona watoto wanaokula.

Nikaenda. Kwa kweli nilitegemea kuona watu maskini wanaosubiri chakula chetu. Niliona wakulima hodari kuliko sisi, wamekata matuta ya kuzuia udongo mpaka juu ya vilima, wana miembe, wana ndengu tunazoziita choroko. Wenzetu wanategemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na huvuna Januari na Februari. Inapofika Julai, sisi tukiwa katikati ya mavuno, akiba yao inaelekea kuisha. Vuli ikishindwa kabisa, hubaki na kidogo sana mpaka mwaka mwingine. Nilikaa nikalitazama jambo hilo kwa mshangao. Umbali kati ya Kiteto na Makueni ni mkubwa, hatupakani popote, lakini majira yetu yamepishana kiasi kwamba mmoja anaweza kumpokea mwenzake mwaka baada ya mwaka. Tulikuwa tumepewa jambo hilo bure, na mimi nilikuwa nimelitumia kuuza maji kwa bei ya mahindi.

Tulipita pia Katumani, karibu na mji wa Machakos, penye kituo cha utafiti wa kilimo. Marehemu mama yangu alipanda mbegu ya Katumani maisha yake yote, ile inayokomaa upesi na kuvumilia ukame. Ndiyo iliyotulisha katika miaka mibaya. Sikujua kwamba ni mahali, wala kwamba mbegu ile ilizalishwa na watafiti wa huko kwa ajili ya nchi kavu ya Ukambani, ikatoka huko mpaka ikafika kwetu. Nimelelewa kwa mahindi ya watu hawa. Nilimwomba dereva asimame kidogo, nikashuka, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kulia garini.

Jioni ile nyumbani kwa mama nilimwambia yote. Nilimweleza habari za katikati ya magunia, unyevu, mkutano nilioutoroka, dua niliyoomba mwaka 2016. Nilitegemea atanyamaza au atanifukuza. Akasema alikuwa akijua. Tangu mzigo wangu wa kwanza alikuwa akiyamwaga mahindi yangu sakafuni, na yeye na binti zake wakiyachambua kwa mkono punje kwa punje kabla hajauza hata kibaba kimoja. Yaliyooza waliyachoma. Hasara aliibeba yeye, msimu hadi msimu, na akaendelea kuninunulia kwa sababu mahindi hayakuwepo kwingine kwa bei ambayo watu wake wangeiweza.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikupigia simu. Ulisema mahindi ni mahindi."

Siikumbuki simu hiyo. Nimejaribu mara nyingi, siikumbuki. Wanunuzi wengine niliowauzia nimewapigia wale ambao namba zao bado ninazo, na si wote waliopokea. Kuna watu waliokula mzigo wangu ambao sitawajua kamwe, na kwa ajili yao ninachoweza ni kuomba tu.

Siku hizi mama hunipigia kila mzigo unapofika, akiwa ameshaumwaga, akanitajia alichokikuta. Mwaka jana mwezi wa tisa alikuta magunia machache yenye unyevu kwa chini. Tulichelewa kuanika, na mimi nilikuwa na haraka ya lori, nikapitisha. Nilimrudishia fedha za magunia hayo siku ileile, nikawaeleza wakulima wangu kwa nini, na lori lililofuata likasubiri mpaka chumvi ilipoacha kunata kwenye chupa.